Kupanda barabara ndefu ya mlima kwa baiskeli: gia, mwendo na pumzi

Wengi wanaoshuka kwenye baiskeli katikati ya mlima na kuanza kusukuma hawajashindwa na mapafu wala miguu. Wameshindwa na mambo mawili: gia nzito kuliko uwezo wao, na kasi waliyoanza nayo huko chini. Yote mawili huamuliwa kabla mlima haujaanza kuuma, na yote mawili yanarekebishika bila mwili wa mwanariadha. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu gia na kilomita za mwanzo. Tunazungumzia barabara ya lami ya kilomita 8 hadi 25, mwinuko wa asilimia 6 hadi 12, na mtu anayeendesha baiskeli kila wiki lakini hajazoea milima.

1. Usome mlima kabla hujaupanda

Unahitaji kujua mambo matatu: urefu wa barabara, jumla ya mita za kupanda, na mahali palipo pakali zaidi. Asilimia ya mwinuko ni mita unazopanda kwa kila mita 100 za barabara. Asilimia 8 ni mita 80 kwa kilomita moja.

Usitosheke na wastani, kwa sababu wastani huficha. Barabara ya kilomita 12 yenye wastani wa asilimia 7 inapanda mita 840. Ikiwa ndani yake mna kilomita mbili tambarare, mita zote 840 zimebanwa kwenye kilomita kumi zilizobaki, na hapo unapanda asilimia 8.4. Mont Ventoux ya Ufaransa ni mfano mzuri. Ukianzia kijiji cha Bédoin ni kama kilomita 21 kwa wastani wa takriban asilimia 7.5, lakini kilomita za mwanzo ni laini. Barabara ikiingia msituni inakaza hadi karibu asilimia 9 na kukaa hapo kilomita baada ya kilomita. Anayejipima kwa zile kilomita laini hufika msituni ameshajimaliza. Alpe d'Huez, nao mlima wa Ufaransa, ni kinyume chake: kilomita 13.8 zenye kona 21, na sehemu ya mwanzo kabisa inazidi asilimia 10, wakati miguu bado baridi.

Kisha kadiria muda wako. Kipimo kinachofaa mlimani si kilomita kwa saa, ni mita za kupanda kwa saa. Mwendeshaji wa kawaida anayejituma kwa kiasi hupanda mita 500 hadi 700 kwa saa. Kwa mita 600 kwa saa, ule mlima wa mita 840 utakuchukua kama dakika 84. Andika namba hiyo mahali, maana ndiyo itakayokuambia ubebe maji kiasi gani na uanze polepole kiasi gani.

2. Tafuta gia nyepesi, kisha ongeza nyingine

Mlimani, karibu sehemu tisa kati ya kumi za nguvu zako huenda kwenye kuinua uzito. Mtu na baiskeli yake wakiwa kilo 80, wakipanda asilimia 8 kwa mita 600 kwa saa, wanahitaji takriban wati 145 na wanatembea kilomita 7.5 tu kwa saa. Kwa mwendo huo upepo hauna neno, na hata kujificha nyuma ya mwenzako hakukusaidii kitu. Kinachobaki ni jinsi unavyozigawa wati hizo kwenye mizunguko ya pedali.

Hesabu yake ni rahisi. Gawanya meno ya sproketi (gurudumu la meno linalobeba cheni) ya mbele kwa meno ya sproketi ya nyuma, kisha zidisha kwa mzunguko wa tairi, ambao kwa baiskeli ya barabarani ni kama mita 2.1. Jibu ni mita unazokwenda kwa mzunguko mmoja wa pedali. Kilomita 7.5 kwa saa ni mita 125 kwa dakika, kwa hiyo:

- Meno 34 mbele na 28 nyuma: mizunguko 49 kwa dakika.
- Meno 34 mbele na 34 nyuma: mizunguko 60.
- Meno 30 mbele na 36 nyuma: mizunguko 71.

Kazi ni ileile, mlima ni uleule. Lakini anayezungusha mara 49 anakandamiza pedali kwa karibu mara moja na nusu ya nguvu ya yule wa 71, kila mguu, kila mzunguko, kwa dakika 84. Misuli ya mapaja huchoka kwa mkandamizo mzito mapema kuliko inavyochoka kwa mizunguko mingi myepesi, na magoti hulalamika kwa sababu hiyohiyo. Lenga mizunguko 60 hadi 80. Ukishuka chini ya 50 kwa muda mrefu, hutembei tena kwa pumzi, unatembea kwa misuli, na misuli ina mwisho wa karibu.

Piga hesabu hiyo kwa sehemu kali zaidi ya mlima wako, usipige kwa wastani. Kwa asilimia 10, mita 600 kwa saa ni kilomita 6 kwa saa, na ile 34 kwa 34 iliyoonekana nyepesi inakupa mizunguko 48 tu. Kama huna gia ya kutosha, njia ya kawaida ni kubadilisha seti ya sproketi za nyuma. Kabla ya kununua, angalia kihamisha gia cha nyuma, yaani kifaa kinachosogeza cheni kutoka sproketi moja hadi nyingine, kinaruhusu sproketi ya meno mangapi. Kikizidiwa, kigurudumu chake cha juu kitasugua sproketi kubwa. Huenda pia ukahitaji cheni ndefu zaidi. Usione aibu ya sproketi kubwa kama sahani. Gia ya ziada usiyoitumia haikugharimu kitu, lakini gia unayoihitaji na huna itakushusha chini.

Uzito nao upewe nafasi yake ya haki. Kilo moja katika 80 ni kama asilimia 1.2, yaani sekunde 40 na ushee katika saa moja ya kupanda. Toa kufuli na makorokoro usiyoyahitaji, lakini usiache maji, tyubu ya akiba wala koti la upepo.

3. Kagua vitu vinavyoharibikia mlimani

*Kikomo cha gia nyepesi.* Hiki ndicho kipimo cha kwanza, kwa sababu kikikosewa baiskeli inaweza kuharibika vibaya. Inua gurudumu la nyuma, zungusha pedali kwa mkono, peleka cheni kwenye sproketi kubwa kuliko zote, kisha sukuma kihamisha gia kwa kidole kuelekea kwenye spoki. Kisisogee hata kidogo kupita sproketi hiyo. Kikisogea, kaza skrubu yenye herufi L robo mzunguko, jaribu tena, na uendelee hivyo hadi kitulie. Kosa hili halionekani kwenye tambarare kwa sababu gia hiyo haitumiki huko. Linajitokeza siku ya mlima, mtu anapobonyeza gia ya mwisho kwa nguvu zote: cheni inadumbukia kati ya sproketi na spoki, au kihamisha gia chenyewe kinanaswa na spoki na kung'oka. Baiskeli iliyowahi kuangukia upande wa cheni ikaguliwe kwa makini zaidi, kwa kuwa kipande kinachoshikilia kihamisha gia hupinda kirahisi.

*Waya wa gia.* Kwenye mifumo iliyozoeleka, sproketi kubwa ndiyo inayohitaji waya uvutwe kuliko zote, kwa hiyo waya uliolegea au wenye kutu huanza kugoma hapohapo. Kagua ncha yake inapoingia kwenye mkono wa gia. Ukiona uzi mmoja umekatika, badilisha waya wote. Ukikatikia njiani, cheni huangukia sproketi ndogo kabisa, yaani gia nzito kuliko zote. Dawa ya dharura ni kukaza skrubu yenye herufi H ili kihamisha gia kikae kwenye sproketi ya pili au ya tatu. Hutapanda nacho sana, lakini utafika nyumbani.

*Cheni.* Ipime kwa rula kutoka katikati ya pini ya kwanza hadi katikati ya pini ya 25. Ikiwa mpya ni milimita 304.8. Ikifika 307 imekwisha, na cheni iliyokwisha huruka meno hasa unapokandamiza kwa nguvu. Ukiwa umesimama kwenye pedali, mruko huo hukutupa mbele juu ya usukani.

*Breki na matairi.* Unene wa pedi za breki utazamwe kwa ajili ya kushuka. Upepo wa matairi usiwe mgumu kama jiwe: kwa tairi la milimita 28 na mtu wa kilo 75, pauni 65 hadi 75 kwa inchi ya mraba (psi) zinatosha.

*Kiti.* Pedali ikiwa chini kabisa, goti libaki limekunjika kidogo. Maumivu mbele ya goti mara nyingi yanatokana na kiti kilicho chini mno. Ya nyuma ya goti, kilicho juu mno. Usibadilishe urefu wa kiti siku ya mlima.

4. Robo ya kwanza: jizuie

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Mlimani nguvu hupanda sambamba na kasi. Kutoka kilomita 7.5 hadi 10 kwa saa kwenye asilimia 8 kunataka theluthi moja ya nguvu zaidi. Kwa dakika tano za mwanzo hutahisi theluthi hiyo, maana miguu ni mipya na damu inachemka. Dakika ya ishirini ndipo bili inapoletwa, na deni hilo hulilipi ukiwa bado unapanda, kwa kuwa mlima haukupi mahali pa kupumzika.

Fanya hivi. Endesha dakika 15 hadi 20 kwenye barabara laini kabla ya mlima ili mwili upate joto. Barabara inapoanza kuinuka, hamia gia nyepesi mapema, kabla miguu haijadai. Ukichelewa, utabadilisha gia huku cheni imekazwa, na sproketi ya mbele haipendi hivyo hata kidogo: cheni hukwaruza, hugoma, kisha hudondoka. Kama unashuka kutoka sproketi kubwa ya mbele kwenda ndogo, fanya hivyo mita 50 kabla ya ukali, na ulegeze mkandamizo kwa nusu mzunguko wakati cheni inahama.

Halafu jipime kwa maneno. Robo ya kwanza, uweze kusema sentensi nzima bila kukatwa na pumzi. Nusu inayofuata, sentensi fupi. Robo ya mwisho, maneno mawili matatu, na huko ndiko unakoruhusiwa kutumia kilichobaki. Ukijikuta unahema mdomo wazi kabla ya robo ya kwanza kwisha, punguza hapohapo, hata kama inaonekana unatambaa. Kipimo cha mapigo ya moyo kinasaidia, lakini huchelewa dakika moja au mbili nyuma ya juhudi na hupanda chenyewe joto likizidi. Pumzi haichelewi.

Mtu akikupita, mwache. Kama amekosea, utamkuta mbele ameinamia usukani. Kama hajakosea, mwendo wake haukuwa wako tangu mwanzo.

Usiuangalie mlima mzima. Ugawe vipande: hadi ile kona, hadi lile jiwe la kilomita. Bandu bandu huisha gogo, na mlima huisha vivyo hivyo.

5. Kukaa na kusimama

Kaa muda mwingi. Shika sehemu ya juu ya usukani, mikono iwe wazi kidogo kuliko kawaida, viwiko vilegee, kifua kifunguke. Vidole viguse usukani tu, visiukabe. Kiganja kilichokaza hukaza bega, bega hukaza shingo, na nguvu hiyo yote haizungushi gurudumu. Kwenye mwinuko mkali, sogea mbele kidogo kwenye kiti ili gurudumu la mbele lisiwe jepesi na kuyumba.

Toa pumzi hadi mwisho. Anayehangaika kuvuta hewa kwa kawaida hajaitoa ile ya zamani.

Kusimama kwenye pedali huongeza mapigo ya moyo kwa kasi ileile, lakini hupumzisha mgongo na makalio na kuamsha misuli mingine. Mizunguko 15 hadi 20 kila dakika tano au kumi inatosha. Namna yake: kwanza hamia gia nzito zaidi kwa sproketi moja au mbili, kwa sababu ukisimama mizunguko hupungua. Subiri pedali ya mguu wenye nguvu ifike juu na kuanza kushuka, ndipo uinuke nayo. Ukiinuka pedali zikiwa sambamba na ardhi, baiskeli husita na kurudi nyuma kama sentimita 20, na anayekufuata kwa karibu atagonga gurudumu lako. Ukiwa umesimama, baiskeli ndiyo iyumbe kulia na kushoto chini yako, kiwiliwili kitulie. Ukikaa tena, rudisha gia nyepesi. Lami ikiwa imelowa au ina changarawe, baki umekaa, vinginevyo gurudumu la nyuma litateleza papo hapo.

6. Kona

Ndani ya kona kali, barabara inapanda kimo kilekile kwa umbali mfupi zaidi, kwa hiyo upande wa ndani ni mkali na wa nje ni laini. Pale ambapo kona iko wazi, unaona mbele na hakuna gari, tumia upana wa njia yako kupita nje. Usivuke kwenda njia ya wanaoshuka. Wao wanakuja kasi na hawatarajii kukuta mtu hapo. Kona ikikulazimisha upite ndani, hamia gia moja nyepesi zaidi kabla ya kuingia, na ukitoka usikimbilie kuirudisha.

7. Maji, chakula, joto na hewa

Kunywa mililita 500 hadi 750 kwa saa, mafunda mawili matatu kila dakika kumi. Siku ya joto zaidi ya hapo, na chumvi kidogo ndani yake. Kwa kupanda kunakozidi saa moja, kula gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa. Ndizi moja ya wastani ina takriban gramu 25. Kula kabla ya sehemu kali; usingoje ufike katikati yake, maana anayehema hatafuni. Ukingoja hadi uhisi njaa na miguu kulegea, tayari umechelewa, kwa kuwa tumbo huhitaji muda kukifikisha chakula kwenye damu.

Joto la mlimani hudharauliwa. Kwa kilomita 7 kwa saa hakuna upepo wa kukupoza, na lami inakurudishia jua kutoka chini. Fungua zipu, jimwagie maji shingoni, anza alfajiri. Dalili za kusimama mara moja ni kutetemeka huku jua linawaka, kichwa kuuma, kichefuchefu, kuchanganyikiwa, au jasho kukatika. Tarehe 13 Julai 1967 mwendeshaji Mwingereza Tom Simpson alianguka na kufariki karibu na kilele cha Mont Ventoux, siku ya joto kali. Uchunguzi ulikuta amefetamini mwilini mwake, dawa inayomfanya mtu asiisikie breki ya mwili wake. Breki hiyo isikilizwe, na usitumie chochote cha kuizima.

Juu ya mita 1,500 hewa huanza kuwa nyepesi kiasi cha kuhisiwa. Kwenye mita 2,757, kimo cha barabara ya Stelvio nchini Italia, shinikizo la hewa liko chini ya robo tatu ya lile la pwani. Kasi uliyoweza chini hutaiweza huko, na hakuna ubaya wowote. Punguza kwa pumzi kama ilivyoelezwa, usipunguze kwa kulinganisha na namba za chini.

8. Ukisimama, namna ya kuanza tena

Kusimama dakika mbili si kushindwa. Tatizo ni kuondoka. Chagua mahali ambapo mwinuko umelegea, hata kama ni mita kumi mbele, na ubaki kwenye gia nyepesi, lakini si ile ya mwisho kabisa, kwa kuwa hiyo huzunguka ovyo kabla baiskeli haijapata mwendo. Kama hakuna magari pande zote mbili, ielekeze baiskeli mshazari ili mwinuko upungue. Kamata breki zote. Weka pedali ya mguu wenye nguvu juu kidogo mbele, mahali penye namba 2 kwenye uso wa saa. Achia breki na kandamiza kwa wakati mmoja, kaa kitini mara moja, na uzungushe mara mbili tatu kabla ya kuhangaika kuutia mguu wa pili kwenye kishikio chake.

9. Kushuka

Kileleni vaa koti kabla hujahisi baridi. Joto la hewa hupungua kama digrii 6.5 kwa kila mita 1,000, nguo zako zimelowa jasho, na vidole vilivyokufa ganzi havikamati breki. Kula kitu, kisha ondoka.

Usishuke huku umeshikilia breki mfululizo. Kilo 80 zikishuka mita 840 hubeba nishati ambayo ingetosha kuchemsha karibu lita mbili za maji, na sehemu isiyochukuliwa na upepo yote inaishia kwenye breki. Breki za kubana rimu huipasha rimu hadi tyubu inaweza kupasuka. Breki za diski hupoteza nguvu taratibu na kunuka moto. Kamata breki zote mbili kwa nguvu kabla ya kona ukiwa umenyooka, achia unapoingia, na kati ya kona na kona ziache zipoe. Inua kiwiliwili ili upepo ukusaidie kupunguza kasi. Kwenye kona, pedali ya upande wa nje iwe chini na ibebe uzito, macho yaangalie unakotokea.

Mkono wa breki ukianza kuzama karibu na usukani, au ukasikia harufu ya kuungua, simama mahali palipo salama kwa dakika kumi. Usimwagie diski maji wala kuigusa kwa kidole.